Kuondoa Mabaki ya Plastiki kwenye Sarafu za Zamani bila Kuzidhuru

  Kusudi la mhadhara huu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba ule utandu wa kijani unaonata, unaoonekana kwenye sarafu zilizokaa miaka mingi katika mifuko laini ya plastiki, haukuzaliwa na sarafu wala hauongezi heshima ya uzee wake. Umetoka kwenye mfuko, unaendelea kuila metali, na unaweza kuondolewa pasipo kuigusa sarafu yenyewe. Nitakwenda kwa hoja zenye namba ili anayetaka kunipinga ajue pa kushika, na maswali nitayapokea mwishoni.

1. Uchafu huu una asili yake, nayo ni mfuko.

Plastiki ya PVC, hiyo hiyo tunayoijua kwenye mabomba ya maji, ilionwa kwanza maabara na mkemia Mjerumani Eugen Baumann mwaka 1872. Kwa asili yake ni ngumu na hukatika upesi. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon aligundua kwamba ikichanganywa na vimiminika fulani vizito, inakuwa laini na yenye kunyumbuka. Vimiminika hivyo huitwa vilainishi, na katika plastiki iliyo laini sana vinaweza kufikia theluthi ya uzito wake au zaidi. Jambo la kulishika hapa ni kwamba vilainishi havifungwi na plastiki kwa kifungo cha kikemia. Vimekaa ndani yake tu, na kwa muda, hasa penye joto, hutoka kidogo kidogo hadi usoni na kuhamia kwenye chochote kilicholala pale. Sarafu iliyowekwa ndani ya mfuko wa namna hiyo hupakwa mafuta hayo mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe haoni.

Hilo ni la kwanza, na lingekuwa peke yake tungelala usingizi. La pili ni kwamba PVC ina klorini katika umbo lake. Inapozeeka kwa joto na mwanga, hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Asidi hii huila shaba, na mazao yake ni kloridi za shaba zenye rangi ya kijani. Kwa hiyo tunapotazama sarafu iliyoharibika kwa plastiki tunatazama mambo mawili yaliyopandana: juu, utandu wa mafuta unaonata, chini yake, kutu changa inayochimba. Naomba msikilizaji ayatenganishe mambo haya mawili akilini, kwa sababu la kwanza lina dawa nyepesi na la pili halina. Mafuta huondoka. Shimo lililokwisha kuchimbwa halijazwi na mtu yeyote.

Mifuko hiyo ilienea mno miongoni mwa wakusanyaji kuanzia miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa ilikuwa rahisi, inaonyesha pande zote mbili, na haipasuki. Wengi waliorithi sarafu wamerithi na mifuko pamoja.

2. Sarafu za eneo letu ziko hatarini kuliko watu wanavyodhani.

Husemwa kwamba fedha haipati kutu ya kijani, kwa hiyo mwenye sarafu za fedha hana la kuogopa. Kauli hiyo ingekuwa kweli kama sarafu zingetengenezwa kwa fedha tupu. Tuzipitie zilizotumika huku kwetu. Riale ya Maria Theresa, ile yenye tarehe ya 1780 daima hata ikiwa imepigwa karne moja baadaye, ina fedha sehemu 833 kwa 1,000. Sehemu ya sita iliyobaki ni shaba. Rupia ya Kijerumani yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na rupia iliyopigwa kwa ajili ya Mombasa mwaka 1888, zina fedha sehemu 917 kwa 1,000, hivyo shaba ni kama moja kwa kumi na mbili. Halafu ikaja shilingi ya simba, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuanzia 1921. Hiyo, mpaka toleo la 1946, fedha yake ni robo tu. Robo tatu ni metali za bei nafuu, shaba ikiwa mbele. Watu wengi wanaiita sarafu ya fedha na kuitunza kama ya fedha, kumbe mbele ya asidi inakaribia kuwa sarafu ya shaba.

Na zile za shaba zenyewe ndizo nyingi zaidi katika masanduku yetu: paisa za Sultani Barghash bin Said za mwaka 1299 wa Hijra, zenye picha ya mizani; pesa na heller za Wajerumani; senti zenye tundu. Ziko pia heller ishirini zilizopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati vita vimefunga njia za bahari, baadhi kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba ya njano. Hizi zilipigwa kwa haraka, kwa mashine zisizokuwa za kazi hiyo, na kila kasoro ya uso wake ni sehemu ya historia ya vita vile. Uso huo ukiliwa na asidi ya mfuko, ushahidi umekwenda na haurudi.

Ongezeni juu ya hayo hali ya hewa ya pwani. Joto huharakisha vilainishi kutoka, unyevu ndio unaoigeuza gesi kuwa asidi, na hapa tuna vyote viwili mwaka mzima. Mfuko ambao katika mji wa baridi na ukavu ungechukua miaka mingi kudhuru, hapa haungoji.

3. Dalili zake zinajulikana.

Chukueni shilingi ya simba, muishike kwa ukingo, muielekeze kwenye mwanga wa dirishani na kuigeuza taratibu. Sarafu safi, hata iliyopoteza rangi, huurudisha mwanga kwa mawimbi yanayozunguka. Yenye utandu wa plastiki huonekana kama imepuliziwa pumzi, na ukungu huo hauondoki. Tazameni kwa lenzi kati ya miguu ya simba, kwenye manyoya ya shingo, na katika mabonde ya herufi: hapo ndipo ute hukusanyika, kwanza mweupe wa maziwa, kisha kijani cha jani changa. Mara nyingi huwa na michirizi inayofuata mahali plastiki ilipogusana na sehemu zilizoinuka. Ukiugusa kwa ncha ya kijiti cha ubao unavutika. Kutu ya kawaida ya shaba ni kavu, huwa na chembechembe, na haivutiki. Mfuko nao hujisema: unanuka kama kitambaa kipya cha plastiki cha mezani, ni laini, na pengine ndani yake mmebaki alama ya duara la sarafu.

4. Dawa ni kuyeyusha, na kuyeyusha tu.

Hapa ndipo kiini cha mhadhara, nami nitakaa. Kila njia ya kusafisha sarafu inaangukia katika moja ya mafungu matatu. Kuna kusugua, kwa majivu, dawa ya meno au kitambaa. Huko kunakwangua metali. Kuna kuunguza kwa asidi, kama ndimu, ukwaju, siki na dawa za kung'arishia. Huko kunayeyusha tabaka la juu la metali pamoja na rangi yake ya miaka. Na kuna kutumia kiyeyushi ambacho hupenda mafuta na gundi lakini hakina ugomvi na metali. Asetoni safi ni ya fungu la tatu. Huyeyusha vilainishi vya plastiki, alama za mafuta ya vidole na gundi ya karatasi. Weusi wa fedha, ambao ni muungano wa fedha na salfa, haiugusi. Wekundu wa kahawia wa shaba iliyozeeka haiugusi. Sarafu iliyoingia na rangi yake ya asili hutoka nayo. Kilichobaki kwenye bilauri ni kile kilichotoka kwenye mfuko.

Nasema asetoni safi, ya maduka ya vifaa vya maabara, iliyoandikwa kwenye chupa kuwa haina mchanganyiko. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai hata kama ina harufu ileile, kwa sababu hutiwa maji, rangi, manukato na mafuta ya kulainisha ngozi, na vitu hivyo vitabaki juu ya sarafu kioevu kikishakauka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Andaa vyombo vitatu vidogo vya kioo, maana vikombe vingi vya plastiki vitalainika au kuyeyuka na utakuwa umeongeza tatizo ulilotaka kuliondoa. Piga picha ya sarafu pande zote mbili kabla ya kuanza. Itie moja peke yake katika chombo cha kwanza, asetoni ikiifunika kabisa, na funika juu kwa kipande cha kioo. Utandu mwepesi huachia ndani ya dakika chache. Mzito unaweza kutaka saa kadhaa. Igeuze mara moja moja kwa kijiti cha ubao, kwa ukingo, ili upande wa chini nao ufikiwe. Kisha ihamishe katika chombo cha pili chenye asetoni mpya, na mwisho katika cha tatu. Watu huiacha hatua hii ya kusuuza, nayo ndiyo inayoamua matokeo: asetoni iliyokwisha kubeba uchafu ikikaukia juu ya sarafu, huurudisha uchafu uleule, sasa umetandazwa sawasawa kila mahali. Kama ute umebaki kwenye herufi, lowesha kijiti cha pamba, kizungushe juu yake bila kukandamiza, tupa pamba kila inapobadilika rangi. Asisugue mtu. Sarafu ikitoka, isimamishwe kwa ukingo juu ya kitambaa safi cha pamba na iachwe ikauke yenyewe. Sarafu za shaba nyekundu zisikae humo muda mrefu kuliko inavyohitajika, na chombo kisiwe juani.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani hasa. Asetoni hukauka kwa kasi, na inapokauka huipoza metali. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande mwembamba unaweza kutua juu ya sarafu iliyopoa, na maji ndiyo tusiyoyataka. Kazi hii ifanywe adhuhuri, hewa inapokuwa na unyevu mdogo kuliko asubuhi na usiku, na sarafu iachwe ipate joto la chumba kabisa kabla ya kufungiwa mahali popote.

Usalama wa mtu unatangulia usalama wa sarafu. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa: hushuka, hutambaa sakafuni, na unaweza kulifikia jiko la mkaa au la gesi lililo chumba cha pili na kuwaka ukirudi mpaka kwenye chombo. Asetoni hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi kali chini ya nyuzi sifuri, sembuse katika joto letu. Basi pasiwe na sigara, kibatari, mshumaa wala chetezo cha udi mahali hapo. Madirisha yawe wazi. Watoto wawe mbali. Kiasi kinachomiminwa kiwe cha kufunika sarafu tu na chupa kubwa ifungwe mara moja. Glavu nyembamba za mpira hupitisha asetoni upesi, kwa hiyo mikono ikae nje ya kioevu na kibano kifanye kazi. Asetoni iliyotumika isimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa mabomba mengi ni ya PVC na asetoni huyalainisha. Kiasi kidogo kiachwe kipotelee hewani nje ya nyumba, ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto.

5. Mapingamizi ninayoyajua, na majibu yake.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa wakusanyaji wenyewe: kwamba sarafu ya zamani haisafishwi kamwe. Naiheshimu kanuni hiyo, na natamani ingebandikwa kwenye kila duka la vitu vya kale. Lakini tuulize inalinda nini. Sarafu ikipigwa kwa nguvu kati ya vyuma viwili, metali hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa jicho. Mistari hiyo ndiyo inayotoa ule mng'ao unaozunguka nilioutaja, na ndiyo inayopotea kwa mfutio mmoja wa kitambaa. Kanuni inalinda mistari hiyo, na rangi ambayo muda umeiweka juu yake. Asetoni haigusi kimoja wala kingine. Asidi ya mfuko inagusa vyote viwili. Anayeacha ute pale kwa kuiheshimu kanuni anakiacha kinachoibomoa kanuni hiyo kikiendelea na kazi.

La pili ni la nyumbani, nami silichukulii kwa wepesi: kwamba bibi zetu walisafisha shaba kwa ndimu na majivu, na vyombo vyao vinang'aa hadi leo. Ni kweli. Sinia na birika hutengenezwa kwa bati nene, thamani yake ni matumizi na mng'ao, na kila Idi vyombo hivyo vinaweza kusuguliwa tena. Thamani ya sarafu imo katika tabaka jembamba kuliko unywele, na tabaka hilo lilitengenezwa mara moja tu, siku sarafu ilipopigwa. Paisa ya Barghash iliyopigwa ndimu hugeuka rangi ya waridi isiyo ya kawaida kwa shaba ya zamani, na mnunuzi mwenye ujuzi huijua kabla hajaipokea mkononi.

Wengine husema: imekaa hivi miaka thelathini, ya nini haraka? Tatizo ni kwamba kloridi ya shaba hailali. Ikiwa na hewa na unyevu huungana navyo na kuzaa unga wa kijani, na katika kuungana huko asidi huachiwa upya, ikaishambulia shaba nyingine. Mzunguko huo unajilisha wenyewe. Miaka thelathini iliyopita si ushahidi kwamba mambo yametulia, hasa kama sarafu imehamishwa kutoka nyumba kavu kwenda nyumba ya ufukweni.

Na hapa lazima niweke mpaka wa ninachokidai. Asetoni ni ya mabaki ya plastiki. Ikiwa baada ya kuoshwa unga wa kijani unarudi mahali palepale ndani ya wiki chache, mzunguko nilioueleza umekwisha kuanza, na sarafu inahitaji mhifadhi mwenye maabara. Vilevile sarafu zilizofukuliwa ardhini hazihusiki na mhadhara huu. Sarafu ndogo za shaba za Kilwa, au hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 iliyopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zimebeba chumvi za udongo na bahari, na udongo wenyewe ni maandishi ya mwanaakiolojia. Mwenye kupata sarafu ya namna hiyo asiioshe kwa chochote.

6. Kuosha bila kubadilisha mfuko ni kazi bure.

Hoja hii ni fupi. Sarafu iliyooshwa ikirudishwa kwenye mfuko wake, yote tuliyofanya yataanza upya usiku huohuo. Mifuko ya poliesta, ile migumu kidogo inayotoa mlio wa karatasi ikikunjwa, ni salama. Polithini na polipropilini zisizotiwa vilainishi ni salama pia. Bahasha za karatasi isiyo na asidi hufaa, ingawa hazionyeshi kilichomo. Wako wanaojaribu plastiki kwa waya wa shaba uliopashwa moto, wakitazama kama ndimi za moto zitageuka kijani kwa sababu ya klorini. Jaribio hilo ni la kweli, lakini moshi wake una sumu na halifai ndani ya nyumba, wala karibu na asetoni. Kwa matumizi ya kawaida, plastiki laini yenye harufu itupwe bila kufanyiwa uchunguzi. Sanduku lifungwe vizuri na ndani yake viwekwe vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vikaushwe au vibadilishwe kila vinaposhiba.

Ndugu wasikilizaji, yanayobaki ni ya kutendwa. Masika yanakuja, na unyevu utapanda. Ningependa kabla ya mvua kila mwenye sarafu afungue albamu yake na kunusa, atenge zile zilizokaa katika mifuko laini, na azitoe humo hata kama hana asetoni bado, kwa sababu kutenganisha peke yake hupunguza kasi ya madhara. Ningependa makumbusho yetu yaandike, kwenye kumbukumbu ya kila sarafu, ilihifadhiwa katika nini, ilioshwa lini na kwa kitu gani, na wauzaji wafanye vivyo hivyo kwa kila wanachokiuza, ili mnunuzi asikisie. Walimu wa kemia mliopo hapa mna somo zima la viyeyushi, asidi na metali ndani ya shilingi moja ya simba. Wapeni wanafunzi lenzi na waulizeni wameona nini kati ya miguu ya yule mnyama. Nami niko tayari kukaa na yeyote aliyekuja na sarafu zake mfukoni, tuziangalie pamoja pale mezani penye taa, tuamue moja baada ya nyingine ipi ioshwe, ipi iachwe kama ilivyo, na ipi ipelekwe kwa mhifadhi. Sasa karibuni kwa maswali.